Kwa Nini Foleni ya Malaba Huishia Kwenye Chapati

Hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, huhitaji redio ili ujue mambo yamekwama Malaba, mpakani na Kenya. Nenda kwa kijana anayekaanga chapati kando ya stendi, agiza rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, kisha inyanyue chapati uimulike kwenye jua. Mwaka 2022, unga na mafuta ya kupikia vilipopanda kwa pamoja, yule ninayenunua kwake hakugusa bei. Aliigusa chapati. Ikawa nyembamba hata mayai yakaonekana kwa ndani, kama taa nyuma ya pazia.

Maswali ya siku zile bado yanaulizwa kila bei inapopanda. Vita viko Ukraine, jikoni kwangu vimefikaje? Meli ikishambuliwa Bahari ya Shamu, dizeli ya Mbale inahusika vipi? Nani ameficha petroli? Vijiweni majibu hayakosekani, tena ya uhakika mno. Nitajaribu kuyafungua mafundo haya nikianzia na hiyo rolex, maana ndani yake mna karibu kila kitu.

Unga wa ngano kwanza. Ngano yetu ni kidogo, hulimwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Kapchorwa na Bukwo. Nyingi inayosagwa hapa nchini imevuka bahari ikapitia Mombasa. Mafuta ya kukaangia ni ya mawese: mengine yanatoka visiwani Kalangala, lakini mengi huanza safari Malaysia na Indonesia. Chumvi ya mezani kwa wingi ni ya pwani ya Kenya. Mayai ni ya hapa, ingawa kuku aliyeyataga amelishwa mahindi na mukene, dagaa wa ziwani, vilivyobebwa na lori linalokunywa dizeli ya nje. Hata makaa ya sigiri yana kisa chake: Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku biashara ya makaa kaskazini na kaskazini-mashariki, na kila mpishi wa mjini akalisikia agizo hilo kwenye bei ya gunia.

Mikono hiyo yote, pamoja na magari, stoo na karatasi ambazo kitu hupitia tangu kinapozalishwa mpaka kinapokufikia, ndiyo huitwa mnyororo wa ugavi. Lojistiki ni ile kazi ya kusafirisha, kuhifadhi na kupanga nani apeleke nini, lini. Mnyororo ukiwa stahimilivu, pigo likija bidhaa huchelewa lakini haikatiki. Ukiwa endelevu, namna unavyosafirisha leo haiharibu barabara, mto, hewa wala mifuko ya watu kiasi cha kushindwa kusafirisha kesho. Kwenye semina maneno haya mawili hutajwa kama mapacha na kuachwa hewani. Huku kwetu yalikutana kwenye tope la Katonga, nitafika huko.

Mpaka uliofungwa bila kufungwa

Kisa kinachofundisha kuliko vyote kilitokea mlangoni kwetu. Kuelekea mwanzo wa 2022 madereva wa malori waliokuwa wakiingia Uganda walitakiwa kupimwa korona mpakani, tena kwa malipo. Wengi walikuwa wameshapimwa upande wa pili. Wakakataa. Malori yakasimama Malaba na Busia, na foleni ikarudi nyuma ndani ya Kenya makumi ya kilomita.

Angalia kilichokuwa hakijatokea. Hakuna daraja lililoanguka, hakuna meli iliyozama, hakuna kisima cha mafuta kilichokauka. Mafuta yalikuwepo Mombasa. Yalikuwepo kwenye bomba linalofika Eldoret na Kisumu. Yalikuwepo hata ndani ya matangi ya malori tuliyokuwa tukiyaona kwa macho. Lakini lita ya petroli iliyokuwa haifiki shilingi 5,000 iliuzwa hadi 10,000 katika baadhi ya maeneo. Na kama kawaida ya balaa, haikuja peke yake: tarehe 10 Januari shule zilifunguliwa baada ya kufungwa kwa karibu miaka miwili, nchi nzima ikawa barabarani na magodoro ya watoto juu ya teksi. Mafuta yamepungua, wanaoyataka wameongezeka, wiki ileile.

Bado hilo pekee halielezi kwa nini bei iende maradufu. Hapa ndipo jambo linapochanganya watu. Chukua mfano wa kituo kimoja cha mafuta. Siku ya kawaida mwendesha bodaboda hununua lita mbili, anafanya kazi, anarudi jioni. Akisikia Malaba kuna mgomo, anajaza tangi, kisha anaenda nyumbani kuchukua jerikeni. Wenzake wote wakifanya hivyo, mwenye kituo anaona mauzo yameongezeka mara mbili, naye anaagiza mara tatu ili asikaukiwe. Msambazaji mkubwa anapokea oda za mara tatu kutoka kila kona na kuamini nchi ina kiu kubwa kuliko ilivyo. Wataalamu hulinganisha hali hii na mjeledi: mkono unatikisika kidogo kwenye mpini, ncha inapasua hewa. Tuliyaona hayohayo kwenye chumvi Machi 2020. Chumvi haikuwa imekwisha duniani. Hofu ya karantini ndiyo iliyoimaliza madukani kwa siku chache.

Je, walanguzi hawapo? Wapo, na hapa Tororo kila mtu anaweza kukuonyesha stoo zao. Wahenga walisema inzi kufa kidondani si haramu. Inzi anafuata alichokikuta. Anayeficha mafuta anafaidika kwa sababu anajua hakuna mwenye akiba ya kumshinda. Ukimkamata mmoja na kumpiga picha na jerikeni zake, kidonda kiko palepale.

Tangi juu ya mnara

Wenye nyumba Kampala wanalijua suala la akiba bila kufundishwa. Mwenye tangi la maji juu ya mnara, bomba likikauka asubuhi, huenda asijue mpaka jirani aje na ndoo. Asiye na tangi anajua kabla hajanawa uso. Bomba lao ni moja na limekauka saa ileile.

Sasa litazame taifa kama nyumba. Uganda hutumia zaidi ya lita milioni 6 za mafuta kwa siku. Matangi ya akiba ya Jinja, yaliyojengwa miaka ya 1970, yana nafasi ya lita milioni 30. Gawanya mwenyewe: hazifiki siku tano, tena yakiwa yamejaa. Bohari la Bugiri-Bukasa kando ya Ziwa Viktoria, karibu na Entebbe, lina nafasi ya lita milioni 70. Ukijumlisha zote unapata kama siku kumi na sita. Hapo nimehesabu nafasi, sikuhesabu mafuta. Tangi lisilo na kitu ni bati tu lenye rangi nzuri.

Kwa nini basi tusiweke akiba ya mwezi mzima? Kwa sababu akiba ni pesa iliyolala. Mwezi mmoja ni kama lita milioni 200. Chukua shilingi 4,000 kwa lita, kwa makadirio tu, utaona bilioni 800 zimekaa kwenye matangi zikisubiri siku mbaya ambayo huenda mwaka huu isije. Mfanyabiashara aliyekopa benki kwa riba za hapa kwetu hawezi kufanya hivyo kwa hiari, na sioni sababu ya kumlaumu. Kampuni ya Toyota iliufundisha ulimwengu kuleta kipuri siku kinapohitajika, bila kukilaza stoo, na mfumo huo ukasifiwa kila mahali. Watu husahau kwamba wengi wa wanaoiuzia vipuri wako jirani na viwanda vyake. Sisi tuliichukua tabia bila kuuchukua ujirani: Kampala iko kama kilomita 1,170 kutoka Mombasa. Isitoshe Toyota yenyewe, baada ya tetemeko la Japani la 2011, iliwataka wauzaji wake walimbikize chipu za miezi kadhaa. Chipu zilipoadimika dunia nzima mwaka 2021, mwanzoni ilihema vizuri kuliko washindani wake wengi. Hata wao hawaweki akiba ya kila kitu. Wanachagua kile ambacho kikikosekana hakina mbadala.

Kwa kigezo hicho, mafuta na dawa vingekuwa vya kwanza kwetu. Sabuni inaweza kusubiri kidogo.

Njia mbili zinazokutana darajani

"Tupitie Dar es Salaam, tuachane na Mombasa." Hili nalisikia kila mara Kenya ikipata homa ya uchaguzi, na lina sababu. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara na reli ikang'olewa Kibera, mafuta yaliadimika hapa na Rwanda. Njia ya pili ni jambo jema. Kosa ni kudhani kwamba njia mbili kwenye ramani ni njia mbili kweli.

Lori linalotoka Dar linaingia Mutukula, mpakani na Tanzania, linapita Kyotera na Masaka, kisha linashika barabara ya Lwera kuelekea Kampala. Mei 2023 mto Katonga ulifurika, maji yakala barabara kwenye daraja, na barabara ikafungwa. Magari yakazungushwa kupitia Sembabule, Kanoni na Mpigi, safari ya vumbi na mashimo kwa malori mazito. Kwa hiyo njia yetu ya pili, tunayoisifu kwenye mikutano, ilikuwa inaning'inia kwenye kidaraja kimoja cha mtoni. Matooke ya magharibi na ng'ombe wa Mbarara vilining'inia palepale.

Na hapa ndipo yale maneno mapacha, stahimilivu na endelevu, yanapokutana. Lwera ni bwawa, yaani ardhi ya kinamasi. Bwawa la mafunjo hufanya kazi ya sponji: linanyonya mvua na kuiachia polepole. Kwa miaka watu wamechimba mchanga humo na kulima mpunga, na barabara ilipokatika wengi walinyoosha kidole huko. Mtu akikwambia mazingira ni habari ya watu wenye muda wa kupanda miti siku ya Jumamosi, muulize alilipa nauli kiasi gani kwenda Masaka mwezi ule. Kulilinda bwawa lile ni kazi ya uchukuzi kama ilivyo kununua lori.

Upande wa mashariki tumekuwa na busara zaidi. Mizigo ya Malaba na Busia inapaswa kuvuka Nile pale Jinja, na kwa miongo mingi ilivuka juu ya bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa 1954. Tangu Oktoba 2018 kuna daraja jipya kando yake, na la zamani bado lipo. Kaskazini hawana bahati hiyo. Daraja la Karuma, la mwaka 1963, lilifungwa kwa matengenezo mwaka 2024, malori yakitangulia kuzuiwa, na abiria wa Gulu na Arua wakajifunza upya jiografia ya Masindi, Apac na Pakwach.

Njia ya pili iliyo ya pili kweli ninaijua moja: reli kutoka Dar hadi Mwanza, kisha mabehewa yanapandishwa melini hadi Port Bell, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Viktoria. Haigusi Malaba, haigusi Katonga. Ilifufuliwa mwaka 2018 kwa meli ya MV Umoja baada ya kulala muda mrefu. Nayo ina ugonjwa wake: Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, rekodi mpya, na gati na mialo ikaingia maji. Hakuna njia isiyougua. Cha kuomba ni njia zisiugue siku moja.

Kuna mkanganyiko mwingine wa karibu. Serikali ilipolipatia shirika la taifa la mafuta, UNOC, haki ya pekee ya kuingiza mafuta kwa kushirikiana na kampuni ya Vitol, na shehena za kwanza zikaja katikati ya 2024, watu kadhaa waliniambia kwamba sasa hatutegemei tena Kenya. Kilichobadilika ni mnunuzi. Meli bado inatia nanga Mombasa, mafuta bado yanapita kwenye bomba lilelile la Kenya. Kubadilisha mwenye duka kunaweza kupunguza bei na maneno ya katikati. Hakuchimbi barabara mpya.

Na bahari? "Tungekuwa na bahari haya yasingetupata." Sri Lanka ni kisiwa, imezungukwa na bahari pande zote, na mwaka 2022 watu wake walilala kwenye foleni za petroli kwa sababu nchi iliishiwa dola za kununulia. Kenya yenyewe ilikuwa na foleni Aprili mwaka huohuo, wakati kampuni za mafuta zikiidai serikali fedha za ruzuku. Mnyororo hukatikia kwenye pesa na karatasi sawa na unavyokatikia kwenye daraja.

Meli ya mbali, nauli ya karibu

Turudi Bahari ya Shamu, kwa sababu swali lile halijajibiwa. Kuanzia mwishoni mwa 2023 meli nyingi kati ya Asia na Ulaya zilizungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, kukwepa mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen. Safari ikaongezeka siku kumi au zaidi. Kahawa yetu inayokwenda Italia na Ujerumani hupita huko kaskazini, hivyo msafirishaji wa Bugisu anaumia moja kwa moja: anachelewa kulipwa, naye anachelewa kumlipa mkulima.

Ila kontena la pikipiki kutoka India kwenda Mombasa halipiti Suez kabisa. Mbona nalo lipande? Fikiria teksi za Kampala na Jinja. Siku barabara ya msitu wa Mabira inapofungwa na zote zinazungukia Kayunga, kila teksi inafanya safari mbili badala ya nne. Stendi inabaki na magari machache, na makondakta wa Mukono, ambao hawafiki hata msituni, wanapandisha nauli kwa sababu magari yamekwenda kusaidia kwingine. Meli ni hivyohivyo. Zikikaa baharini muda mrefu, zinakuwa chache kila mahali. Mawese ya 2022 yalifuata mkondo huohuo: Indonesia ilizuia kuyauza nje kuanzia 28 Aprili hadi 23 Mei tu, lakini soko lilikuwa limeshabanwa na vita vya Ukraine, nchi ya alizeti, na mche wa sabuni hapa ukawa kitu cha kukatiwa vipande.

Kuhusu reli nitasema machache, kwa kuwa ahadi zake zimekuwa nyingi kuliko mabehewa. Treni hubeba tani moja kwa mafuta machache kuliko lori, haiharibu lami, na haiui watu barabarani usiku. Oktoba 2024 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Uturuki, Yapi Merkezi, wa kujenga kilomita 272 za reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala. Itafaa ikikutana na ya Kenya, ambayo mwaka 2019 ilifika Naivasha ikapumzika. Ziwa linaweza kutusaidia mapema zaidi: meli ya mafuta inayotoka Kisumu hadi Bugiri-Bukasa hubeba lita milioni 4.5, sawa na malori zaidi ya mia moja ambayo hayatapanga foleni Busia.

Wanaosahaulika katika mazungumzo haya yote ni madereva. Mwaka 2020 matokeo ya vipimo yalipokuwa yakitangazwa, wao ndio waliokuwa wakitajwa kila mara: dereva, Malaba, dereva, Mutukula, dereva, Elegu. Kuna miji iliyowakatalia chai. Walilala chini ya matrela, wakaoga kwa chupa za maji ya kunywa. Walipokuja kudaiwa pesa za kipimo, nadhani hawakuwa wakigomea pesa pekee. Tangu 2014 nchi zetu zimeondoa karatasi nyingi kwa kulipia ushuru bandarini kabla mzigo haujaanza safari, na vituo vya mpakani vya pamoja vimepunguza siku za kusubiri. Hayo ni mafanikio makubwa ambayo hayasifiwi vya kutosha. Bado lakini ukipita Malaba usiku utaona mamia ya wanaume wazima wakitafuta choo.

Yule kijana wa chapati tangu 2022 ana mfuko mmoja wa unga wa ziada na jerikeni ya mafuta asiyoigusa. Nilimuuliza unamgharimu nini. "Mzee, huo mfuko ndio kodi yangu ya chumba ya mwezi," akaniambia, "tena panya wameutoboa mara mbili." Mwanzoni aliuweka chini ya benchi, hatua moja kutoka kwenye sigiri. Sasa ameuhamishia kwa shangazi yake, ng'ambo ya reli.